Mama Hana Homa

Maskati,
Alhamisi, baada ya Alasiri

Kwa kaka yangu Mbwana,

Assalaam alaykum. Shikamoo kaka. Pokea salamu za mtu aliye mbali, zile zisizo na mkono wa kushikwa. Vipi kifua chako na vumbi la saruji? Wifi yangu Saumu, mgongo umemtulia? Watoto wanakwenda chuoni, au wakitoka nyumbani na misahafu wanaishia uwanja wa mpira? Mimi mzima, alhamdulillahi, magoti tu ndiyo hunigombeza nikipanda ngazi. Na joto la huku mnalijua kwa kusimuliwa, ngozi zenu hazijalijua. Ukitoka nje adhuhuri, hewa inakupiga usoni kama umefunua sufuria ya wali.

Nimemaliza kusalimu. Sasa kaka, kaa kitako, na barua hii isome kimyakimya, usimsomee mtu.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Kila nikipiga unaiweka sauti kubwa, unailaza katikati ya mkeka ili nyumba nzima isikie, na Mama yumo humo humo. Nitazungumzaje habari za Mama mbele ya Mama? Nikianza tu, unanikata: "Mwanakombo, mtandao mbaya." Mtandao wenyewe mzuri, maana nasikia mpaka kuku wa jirani wakigombania mtama! Basi leo nimeamua kusema kwa kalamu, unisikilize mpaka mwisho, kisha ndipo useme.

Jana uliniambia hivi, na maneno yako nayakumbuka kwa sababu sikulala nayo vizuri: "Mama hana homa. Nimemshika paji la uso mwenyewe, baridi kama mtungi. Ni msiba na utu uzima tu. Wewe hiyo Ulaya ya Waarabu imekutia woga." Ukacheka. Na wajomba waliokuwepo nao nikawasikia wakicheka.

Mimi sikucheka, kaka.

Maana Wifi Saumu, na usimgombeze kwa hili, mimi ndiye niliyemuuliza, ameniambia mambo ambayo wewe hukuniambia. Kwamba Mama anakohoa tangu siku zile za hitima ya arubaini ya Baba, na si kikohozi kikubwa, ni kile kidogo kidogo cha ndani. Kwamba uji anakunywa vijiko viwili vitatu anasukuma bakuli. Kwamba analala jua likiwa limeshatoka. Mama! Mama aliyekuwa akitumwagia maji tukilala baada ya Alfajiri, akisema riziki imepita mlangoni imetukuta tunakoroma. Kwamba kwenda msalani anashika ukuta. Na kwamba juzi alimwita Wifi "Mwanaisha" akamuuliza kama mpunga umeshavunwa. Mwanaisha ni dadake Mama, tumemzika zamani, na shamba la mpunga tulikwisha kuliuza. Wifi anasema akapumua kidogo, akasema tena, "Mwanaisha, mbona hunijibu?"

Hayo yote, kaka, wewe jibu lako ni moja. Hana homa.

Najua umelitoa wapi. Umelitoa kwa Mama mwenyewe. Nani pale Tongoni hakuwahi kushikwa paji na Mama? Mtoto akilia usiku, analetwa kwetu kwanza kabla ya kupelekwa popote. Mama anageuza mkono, anaweka mgongo wa kiganja kwenye paji, kisha shingoni, kisha anafumba macho kidogo kama anayesikiliza. "Huyu ana moto, mpelekeni." Au, "Huyu hana kitu, mnyonyesheni." Na alikuwa hakosei. Basi leo umechukua mkono ule ule aliokufundisha, umempima yeye, na mkono umekwambia hana kitu. Nakuelewa. Lakini mkono ule, kaka, ni wa kupimia watoto. Kwa mtu mzima unadanganya, na mimi nimeuona ukidanganya kwa macho yangu, humu humu katika nyumba hii ninayofanya kazi. Nisikilize nikusimulie.

Bi Zuwena ninayemtunza unamjua kwa habari, yule ajuza anayependa kuniambia kwamba watu wa Tanga tunaongea kama tunaimba. Ni rika la Mama, pengine amemzidi kidogo. Kila siku asubuhi namwekea kahawa na tende tatu, naye huzihesabu, zikipungua ananiuliza nani amezila. Basi mwezi uliopita, siku moja nikamwekea sinia, hakuligusa. Nikasema labda usingizi. Mchana akaniita kwa jina la mwanamke aliyekuwa akimlea yeye alipokuwa mdogo. Nikamwambia, "Bibi, mimi Mwanakombo." Akaniangalia kama mtu anayetazama gari lisilokuwa lake.

Nikamwendea bintiye, Bi Thuraya, mwenye nyumba. Nikamwambia, "Mama yako hayuko sawa." Akaja na kile kipimajoto cha kuelekeza usoni. Kikalia. Akakitazama, akanionyesha. "Hana homa, Mwanakombo. Umeona? Wewe mwoga." Akampigia na kakake, kakake naye akauliza swali lile lile: ana homa? Hana. Basi mpumzisheni, joto hili.

Kaka, wale watu wamesoma, wana magari matatu uani, na hospitali iko karibu kama kutoka kwetu mpaka msikitini. Na bado walikaa naye siku nzima na usiku wake. Siku ya pili nikaona midomo ya Bibi imegeuka rangi, na pua zinapanuka anapovuta pumzi. Nikapiga kelele mpaka dereva akaja mbio akidhani moto. Tulipofika hospitali wakampiga picha ya kifua, ikaonekana pafu moja limejaa uchafu karibu lote. Nimonia. Ilikuwa imemkalia siku nyingi, inamla polepole, na paji lake baridi kama mtungi. Maneno yako hayo hayo.

Pale hospitali nilimkuta daktari mwanamke, asili ya mamaye ni Pemba, na Kiswahili chake cha huko huko kwa babu zetu. Aliposikia nazungumza akaniambia, "We mtu wa wapi?" Nikasema Tanga, babangu Mpemba. Akasema, "Basi we n'ndugu yangu, kaa hapa." Nikakaa. Bi Thuraya alikuwa analia pembeni, anarudia, "Lakini hakuwa na homa. Nilimpima. Hakuwa na homa."

Daktari akamjibu kwa Kiarabu, kisha mimi akanigeuzia Kiswahili. Akaniambia, "Homa unaijua ni nini?"

Nikasema, "Ugonjwa."

"Si ugonjwa. Homa ni kazi. Mwili wenyewe ndio unaouwasha ule moto, kusudi upigane. Sasa mwili uliochoka utauwasha kwa kuni gani?"

Kaka, sikulala siku ile kwa kulifikiri neno hilo. Nikamuuliza mengi, akanijibu, mengine nikiwa namshikia Bibi mkono awekewe sindano. Na nitakueleza kama nilivyofahamu, ukijua kwamba mimi niliishia darasa la saba na huenda mahali nimepinda.

Anasema katika damu mna chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Kila askari ndani yake ana majiko madogo madogo yasiyoonekana kwa jicho. Chakula tulacho, sukari yake na mafuta yake, huingia katika majiko yale kikageuzwa nguvu. Nikamuuliza, "Kwani Daktari, askari nao wanakula?"

Akacheka. "Wanakula! Ulidhani wanapigana kwa dua tupu?"

Nikasema, "Dua ipo."

"Dua ipo, na chakula kipo. Aliyeumba hiki ndiye aliyeagiza ile."

Basi, anasema, kijana akiingiwa na kijidudu, askari wake wanapuliza majiko papo hapo, moto unashika, wanakimbia, wanammeza adui, wanamaliza, wanaulaza moto na kupumzika. Ndiyo unaona mtoto jioni anatokota, asubuhi anaruka kamba. Kwa mtu mzima majiko yamechakaa. Chakula kinaingia lakini hakiungui vizuri. Ni kama mkaa uliolowa, wewe unaujua, unapepea mpaka mkono unakatika, moshi umejaa jikoni na maji ya chai hayajachemka. Askari anachelewa kuamka. Akiamka anakwenda pole. Akimkuta adui anamtafuna kama asiye na meno.

Na kilichonishangaza zaidi ni hiki. Anasema askari wazee hao hao wasioweza kupigana, kupumzika nako hawawezi. Kutwa wananung'unika. Wanafukiza moshi mwilini hata kama hakuna adui, hasira ndogo isiyokwisha, na moshi huo ndio baadhi ya yanayokakamaza mishipa na kuuma viungo. Nikajikuta nacheka mbele ya mgonjwa, Mungu anisamehe, maana nilimkumbuka Baba miaka yake ya mwisho, anaigombeza redio toka taarifa ya habari ya asubuhi mpaka ya usiku, na ukimwambia, "Baba, inuka basi tukahamishe huo mkeka, mvua inakuja," hainuki. Nikamhadithia Daktari. Akasema, "Haswa. Babako kamaliza somo langu zima."

Akaniambia pia kifuani, nyuma ya mfupa, pana mahali kama chuo wanakofundishwa askari wapya. Chuo hicho huanza kunywea mtu angali kijana, kikageuka mafuta matupu. Kwa hiyo mtu mzima anabaki na wale wakongwe waliopigana vita vya zamani. Adui wa zamani wanamjua. Akija mgeni, wanamtazama tu wanaulizana huyu nani. Nikamuuliza, "Na mimi je?" Akanitazama kutoka ushungi mpaka kandambili. "Wewe wako wanaanza kukaa chini wakiinuka wanasema ya Allah." Yule mwanamke ana ulimi!

Sasa kaka, hayo yote niliyoandika, ukiyasahau usijali. Hili moja tu lishike. Mtu mzima kama Mama anaweza kuungua ndani na nje baridi. Si kwamba wazee hawapati homa, wengine wanapata. Lakini kukosa homa si ushahidi kwamba hana kitu. Daktari alisema kwa mzee usitazame paji. Tazama sahani. Tazama anavyotembea. Sikiliza anavyosema, akianza kuchanganya watu waliokufa na walio hai ghafla, hiyo ndiyo homa yake. Na hesabu pumzi, kama zinakimbia na hajatoka mbio. Hebu rudi juu kidogo usome aliyonieleza Wifi, kisha uniambie ni lipi kati ya hayo Mama hana. Uniambie wewe.

Bi Zuwena amerudi nyumbani, tunamshukuru Mungu. Lakini kaka, sitakuficha, aliyerudi si yule. Tende hazihesabu tena. Namlisha mimi. Daktari alimwambia Bi Thuraya kwamba lau angeletwa ile siku ya kwanza alipokataa kahawa, habari ingekuwa nyingine. Bi Thuraya siku hizi akipita mbele ya chumba cha mamake anapita upesi. Siku moja nikamkuta kakitupa kile kipimajoto kwenye pipa la takataka. Na wewe sitaki uje kuwa na kitu cha kutupa.

Najua utasema nini. Utasema, "Mama yumo edani." Naam, hapo ndipo penye kunikereketa kuliko hata hiyo homa.

Nakujua kaka, unaiheshimu dini na mimi ninaipenda. Sijaacha sala hata moja ugenini, na eda ya Mama kwangu ni jambo kubwa, kama ilivyo kwake. Amevaa nyeupe yake, ameacha manukato na wanja, amekaa ndani kwa heshima ya mume aliyekaa naye umri wote, na hilo ni la sifa. Lakini nani aliyekwambia kwamba mjane akiumwa hatolewi? Nilikwenda kumuuliza sheikh anayetusomesha sisi wanawake huku baada ya Alasiri. Nikamweleza bila kutaja majina. Akasema, "Eda si jela, bibi. Mwenye eda ana haja ya matibabu, anatoka, anatibiwa, anarudi nyumbani kwake, na eda yake iko pale pale haijapungua." Akaniuliza, "Huyo aliyemzuia ni adui yake?" Nikaona haya kusema ni kaka yangu, naye anampenda kuliko macho yake.

Muulize na imamu wetu hapo Tongoni, usinisadiki mimi. Lakini muulize yote. Usiende ukamuuliza, "Mwenye eda aruhusiwa kutembea?" Atakujibu hapana, nawe utarudi umeshinda. Muulize, "Mwenye eda anakohoa, hali chakula, hamtambui mkwewe, nimpeleke hospitali au nimwache?" Uone atakavyokujibu. Pengine atakugombeza mbele za watu.

Utasema pia kwamba Mama mwenyewe hataki. Hilo nimelisikia kwa masikio yangu kwenye hiyo simu yako ya sauti kubwa. Alisema kwa sauti ndogo ile, "Niacheni na mume wangu, nisije nikamvunjia." Nililia, kaka, nikajifungia jikoni nikafungua bomba ili wasinisikie. Lakini tangu lini mgonjwa akaulizwa uji? Wahenga walisema haulizwi, nawe unamuuliza kila asubuhi: "Mama, unataka hospitali?" Hataki. "Haya basi, pumzika." Ungeulizwa wewe utotoni kama unataka sindano ya ndui angelipona nani? Yeye alikukamata mkono akakuburura mpaka zahanati, unalia njia nzima, umemng'ata na kidole. Alama bado anayo.

Kombe la aya za Kurani alilosomewa alinywe, sina neno, na Yasini msomeeni kila Ijumaa, na mimi nasoma huku. Lakini kombe alinywe akiwa ndani ya gari. Lile la Mungu na lile la daktari hayajagombana hata siku moja, ni sisi tunaoyagombanisha.

Na chakula. Uji mweupe mtupu asubuhi, mchana, jioni, kwa sababu eti mwenye msiba hali vinono? Nani kawafundisha? Samaki amejaa Tongoni, wengine wanamsafirisha mpaka Dar, na Mama anakunywa uji wa chumvi! Mchemshieni samaki changu, mtoeni miiba, mumpe na supu yake. Mayai. Kunde zilizopondwa. Daktari alisema yale majiko ya askari hayawaki kwa wanga peke yake, na mzee akikaa kutwa bila kujinyoosha, nayo yanazidi kuzima. Akishapona, ua wetu si una kuta? Atembee uani humo humo mara mbili tatu kwa siku ameshikwa mkono. Eda haikukataza ua.

Nimeandika kwa ukali, naona. Nimeirudia kuisoma nikataka kuichana. Lakini nikiichana nitakuandikia nini, habari za joto?

Kaka, nikwambie lililo moyoni. Baba nilimzika kwa simu. Mliniwekea simu juu ya jiwe, nikasikia koleo, nikasikia talakini ikisomwa kaburini, halafu nikasikia mtu anasema, "Nani kaiacha simu hapa," ikakatwa. Nilikuwa nimesimama jikoni na kijiko cha kukorogea mkononi. Chakula cha watu kilikuwa kinaungua. Sikukulaumu na sikulaumu mpaka leo, kwa sababu mshtuko wa moyo haumpi mtu nafasi. Lakini hili la Mama nafasi ipo. Ipo leo, nayo kesho sijui. Mama sitaki nimzike kwa simu.

Nimeomba ruhusa nije. Bi Thuraya amesema nisubiri mpaka Bibi apate nguvu au wapate mwingine wa kumtunza. Nimemwambia mama yangu anaumwa, akasema, "Ana homa?" Wallahi kaka, ameniuliza hivyo, yeye, baada ya yote yale. Kisha akajisikia mwenyewe, akashika mdomo, akaingia chumbani. Ruhusa bado sijaipata. Ndiyo maana naweza kukutumia maneno tu, na maneno yangu kwako, mimi mdogo wako tena mwanamke, najua uzito wake. Ukiyaweka kwenye mizani na heshima ya nyumba yanaruka juu.

Basi nimetafuta uzito.

Barua hii imeletwa kwako na Shangazi Mize, dada wa Baba. Amekuwa huku kwa mwanawe tangu alipokuja kutibiwa macho, na ndiyo sababu hata yeye hakumzika kakake. Anashukia Mombasa, anavuka mpaka wa Horohoro, na nimemwambia asipitie kwa mtu, aje moja kwa moja Tongoni. Nilipomweleza habari ya Mama alikuwa anakula embe. Aliliweka chini. Akasema, "Anazuiwa kwa eda ya nani?"

Nikasema, "Ya Baba."

"Ya kaka yangu?"

"Naam, Shangazi."

"Mimi ndiye mwenye kaka. Aliyekufa ni wangu kabla hajawa wa mtu. Mbwana kamuuliza nani kama sisi ukoo tunataka wifi yetu afe ndani ili tuonekane tumeheshimiwa?" Kisha akakasirika kweli kweli, akaanza kulitafuta jino lake la bandia apate kusema vizuri. "Nakwenda. Na nikifika kwake siketi kitini, sivui baibui, sili chakula chake na sinywi maji yake mpaka huyo mwanamke awe ndani ya gari. Itasema Tongoni nzima shangazi mtu kakataa maji kwa Mbwana. Tuone."

Nikamwambia, "Shangazi, safari ndefu hiyo, na wewe mtu mzima. Angalau maji."

Akasema, "Maji nitakunywa hospitali."

Sikumtuma hivyo, kaka, na sikumzuia. Nimemfungia mkate wa mofa na chupa ya maji ya njiani. Ameapa maji yale yakiisha Horohoro hataongeza.

Nisalimie Wifi Saumu, mwambie namshukuru kwa kila anachomfanyia Mama, kumwogesha na kumvumilia, na mwambie pia akiitwa Mwanaisha aitike tu. Nisalimie mjomba, kaka wa Mama, mwambie kicheko chake nimekisikia na nimemsamehe. Msalimie kungwi wangu wa jirani, aliyenilea kama mamangu wa pili, mwambie abaki na watoto nyumba isiwe tupu mkitoka. Watoto wote wabusu mapaji ya uso, kwa watoto inafaa. Na Mama mpe mkono wangu, umwambie Mwanakombo anasema atarudi edani kwake jioni ile ile, na mumewe hatamkasirikia.

Shangazi sina haja ya kukutuma umsalimie. Inua macho. Huyo hapo mbele yako amesimama mlangoni na baibui lake, midomo imemkauka, anakutazama.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanakombo